Friji la Zamu

Asubuhi ile Sifaeli aliamka mapema kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwenye friji hata kabla ya kunawa uso. Sadoki alimsikia akiwa bado kitandani. Mlango wa friji lile ulikuwa na mlio wake, kama mtu anayeguna. Baada ya mguno zilifuata ndoo za maziwa, moja moja, zikitua sakafuni taratibu.

"Baba Brayson, unaamka, au nikuletee maziwa huko kitandani kama ndama?"

"Ndama hupewa kwanza."

"Ndama hakati majani. Amka."

Akaamka. Nje ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba, na mlima haukuonekana. Sifaeli alikuwa anafuta ndoo kwa kitambaa. Moja ilikuwa ya kwao, moja ya Esther, jirani wa chini, na moja ya Nusura, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Yalikuwa maziwa ya jioni iliyopita, baridi, hayajaharibika.

"Jumamosi linaondoka," akasema, akilipiga friji kofi la mgongoni. "Zamu ya Nusura. Uwe na mgongo siku hiyo."

"Mgongo ninao."

"Niliuona Jumapili kanisani, unavyosimama kwa awamu."

Wakacheka. Lemburis, mnunuzi wa maziwa, akafika na pikipiki yake. Akachungulia ndoo ya kwanza.

"Mama, hili povu nalo ni la ng'ombe?"

"Ulitaka litoke kwa mbuzi? Pima, uende."

Wakanywa chai. Sadoki akachukua panga akashuka bondeni kukata majani. Alipofika kwenye kona ya mibuni, Sifaeli alimpigia kelele arudi na magogo ya migomba, ng'ombe ameyamaliza. Akajibu ndiyo. Basi.

Sadoki ameipekua asubuhi ile mara nyingi, kama mtu anayetafuta sindano kwenye jamvi. Hakuna kuaga humo ndani. Kuna povu la maziwa na magogo ya migomba.

Mchana Sifaeli alikwenda mferejini kuosha ndoo. Akasema kichwa kinamgonga, akakaa kwenye jiwe. Nusura alimwona kutoka ng'ambo, akavuka, akamkuta hawezi kunyanyua mkono wa kulia. Wakapata gari. Hospitali walimpokea vizuri, lakini jua lilipozama hakuwa tena wa dunia hii.

Walimzika nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

*

Sifaeli alizaliwa upande wa juu, karibu na msitu, mtoto wa mzee aliyekuwa mgawa maji wa mfereji. Huko kwao mfereji haukuwa mali ya mtu. Mlifukua pamoja, mkasafisha pamoja, halafu kila nyumba ikapata zamu yake. Siku yako ikifika unafungua maji yaingie shambani. Siku ikiisha unaziba, hata kama mstari wa mwisho wa mahindi haujalowa. Baba yake hakuwa na bunduki wala askari. Alikuwa akipita tu na jembe begani, akisema, "Nyumba fulani, leo," na watu wanatii. Sifaeli alikua akitembea nyuma ya jembe hilo.

Alipoolewa na Sadoki walikuwa na chumba kimoja na ng'ombe mmoja. Sadoki hakuwahi kukanyaga shule. Sifaeli alisoma kidogo, akatosheka alipoweza kusoma Biblia na kusoma mizani ya kahawa, maana watu wa mizani aliwajua. Walizaa mara kadhaa, akabaki Brayson peke yake. Hilo hakulizungumza. Ila watoto wa majirani wote walikula kwake, na aliyepita bila kula aliitwa arudi.

Friji alilipata kwenye hoteli moja ya watalii kule Usa River, walipokuwa wanabadilisha vyombo. Aliuza ndizi msimu mzima. Siku lilipofika Sadoki alilizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa tutaweka nini humu?"

"Jioni," akasema Sifaeli.

Na kweli, ilikuwa jioni. Mnunuzi wa maziwa huja asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi yana mwenyewe, lakini ya jioni hulala, na yakilala kwenye joto yanaamka yamechacha. Miaka yote maziwa ya jioni yalikuwa ya ndama, ya watoto, na ya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando ambayo ukiyala kila siku hata jina lake hutaki kulisikia. Friji likafanya maziwa ya jioni yafike asubuhi. Esther akaleta ndoo yake. Nusura naye akaleta. Nusura alikuwa Mwislamu wa Kondoa, mumewe alikuja zamani kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, akafa akamwacha na ng'ombe mmoja na wajukuu. Ndoo tatu zikawa zinalala pamoja, hazigombani.

Umeme wa huko kwao wakati huo ulikuwa wa mto. Watu wa kanisa walijenga mtambo mdogo zamani, na kila nyumba ililipa kwa hesabu ya balbu. Mwenye friji aliongeza kidogo, na kama msimu ulikuwa mbaya alileta mkungu wa ndizi kwa fundi. Mtambo ukachakaa. Fundi akazeeka. Serikali ilikwisha kuruhusu watu binafsi kuzalisha umeme na kuuza, basi ikaja kampuni, ikanunua mtambo, ikabadilisha mashine, ikafunga mita kila nyumba. Umeme ukawa wa kununua kwa simu: unaletewa namba ndefu, unaibonyeza kwenye mita.

Kulikuwa na mkutano. Bwana wa kampuni, kijana mstaarabu mwenye viatu vilivyojaa tope la kijijini, alieleza kuwa bei sasa itakwenda na soko.

"Soko lipi?" akauliza mzee mmoja. "La Tengeru?"

"Hapana mzee, soko la umeme."

"Linakuwa siku gani?"

Watu walicheka hadi yule kijana naye akacheka. Mwishoni alieleza jambo la ngazi mbili. Nyumba inayotumia umeme kidogo iko ngazi ya chini, bei yake ni nafuu. Nyumba inayovuka kipimo miezi mitatu mfululizo inapandishwa ngazi ya juu, na huko uniti moja inauma kama tatu za chini. Kushuka tena, mpaka ikae kimya chini ya kipimo muda mrefu. Alilisema hilo wazi. Lakini alilisema wakati watu wamekwisha kusimama, wanakung'uta nguo, na kina mama wanafikiria ng'ombe.

*

Bei mpya ilipoanza kuuma, Sifaeli aliwaita Esther na Nusura jikoni kwake.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akawaambia. "Mita tatu za nini? Tufanye mfereji mmoja. Kila kitu kije hapa. Pasi, simu, mashine ya Esther ya kukatia majani, maziwa. Nyumba zenu mzime. Tuchange, tununue umeme pamoja."

Sadoki alikuwa anavuta kigoda nje. Alisikia, akaona ni sawa. Nani wa huko kwao angeona si sawa? Mfereji mmoja wenye maji mengi hupita kwa nguvu kuliko vijifereji vitatu. Hata mtoto analijua hilo.

Basi nyumba ya Sadoki ikawa kituo. Asubuhi mashine ya majani inanguruma, mchana watoto wa shule wanapiga pasi, ukuta umejaa waya za simu kama mzabibu. Sifaeli alifurahi. Alipenda nyumba yenye kelele.

Miezi ikapita, umeme ukaanza kuyeyuka. Wananunua, unaisha. Wanaongeza, unaisha. Mchango ukapandishwa, ukapandishwa tena, na mita ikalia vilevile ikidai. Esther, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na kofuli, akaja siku moja akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shikamoo mama Brayson."

"Marahaba. Ingia basi."

"Nimefika hapahapa. Nauliza tu. Zamani nikiwa peke yangu umeme ulinifikisha. Sasa tuko watatu na haufiki popote. Mlisema penye wengi hapaharibiki neno. Mbona limeharibika?"

"Unataka kusema nini, Esther?"

"Sisemi. Nasikia tu redio ya baba Brayson inaimba kutwa."

Redio ya Sadoki ilikuwa ya betri. Sifaeli hakumwambia hivyo. Aligeuka akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Esther akaondoka na ndoo yake. Mwanamke ambaye baba yake aligawa maji maisha yake yote bila mtu kumwambia kajipendelea, sasa anaambiwa amekula umeme wa wenzake. Siku ile hakula.

Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akashuka hadi kwenye ofisi ya kampuni. Alirudi alasiri, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Tumepandishwa," akasema. "Ngazi ya juu."

Sadoki akakaa kando yake.

"Ni akili yangu hiyo. Nimeuchukua umeme nikaufanya mfereji, na umeme si mfereji. Maji mengi mahali pamoja yana nguvu. Umeme mwingi mahali pamoja unahesabiwa ni wa tajiri. Wale wanaona mita moja inakula hivi, wanasema huyu ana uwezo. Hawajui kuwa ni akina mama watatu."

Sadoki alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyosema siku ile hakuyachagua vizuri. Alimwambia azime, ang'oe waya, auze friji lile, yaishe. Sifaeli akamjibu. Halafu akavua viatu, akaenda kukamua.

Siku mbili hakulala vizuri. Ya tatu aliwaita wenzake. Esther alikuja amekunja uso. Sifaeli akawaeleza yote kama alivyoelezwa ofisini, na kosa akalitaja kwa jina lake, kuwa ni lake. Esther akatazama chini.

"Mama, mimi niliongea vibaya."

"Uliongea. Kaa, unywe chai. Sasa sikilizeni. Hatuwezi kuwa mfereji, lakini zamu je? Kila mtu awashe mita yake. Pasi yake, simu yake, kwake. Ila friji, friji ndilo linalotuvusha kipimo. Likikaa nyumba moja, miezi mitatu, nyumba hiyo inapanda. Basi lisikae. Mwezi huu kwa Nusura, mwezi ujao kwa Esther. Mimi nikae kimya mpaka nishuke, halafu na mimi niingie kwenye zamu."

Nusura akacheka hadi akashika mbavu. "Mama Brayson! Friji lina miguu?"

"Lina ya Sadoki."

Na ndivyo lilivyoanza kutembea. Sadoki na Brayson, aliyekuwa amekuja kutoka Kijenge mjini anakofanya kazi, na wanaume wengine wawili, walikata miti ya mkaratusi, wakafunga machela, wakalisimamisha friji juu yake na kulikaza kwa kamba. Sifaeli alitembea mbele akiwa na jembe begani, bila sababu yoyote. Kwenye njia ya mfereji walikutana na mzee mmoja. Kuona machela, akavua kofia.

"Poleni sana. Ni nani?"

"Friji," akasema Sifaeli. "Linahamia ng'ambo."

Mzee akavaa kofia yake, akasimama pembeni lipite, kwa heshima ileile.

Likifika nyumba ngeni lilipumzishwa kwanza bila kuwashwa, kama mgeni anayepewa maji kabla ya kuulizwa habari. Kila mwisho wa mwezi likahama. Watu wa kampuni walipata habari, yule bwana wa viatu vya tope akaja kuona, akasema hakuna sheria iliyovunjwa, akaomba picha. Nyumba ya Sadoki ikashuka ngazi. Ndoo tatu zikaendelea kulala pamoja, leo huku, kesho kule, na Esther hakuuliza tena habari za redio.

*

Sifaeli alikufa friji likiwa kwao.

Jumamosi ya zamu ya Nusura ilikuwa Jumamosi ya maziko. Nani angetoa friji kwenye nyumba yenye maiti? Kisha yakafuata matanga, na matanga hayatoi vyombo nje. Kisha matanga yakaanuliwa, waombolezaji wakaenda kwao, na bado hakuna aliyekuja. Nusura aliona haya. Esther aliona haya. Kumgongea mfiwa kila jioni na ndoo ya maziwa, wakaona haifai. Kumwambia atoe chombo cha mkewe, wakaona ni dhambi.

Na Sadoki hakusema.

Friji lilibaki limewashwa, ndani hamna kitu. Ndoo yake mwenyewe hakuilaza humo; ng'ombe alikuwa karibu kukauka, maziwa yake ya jioni aliyamaliza mwenyewe kwa chai. Kwenye mpini wa mlango palikuwa na kipande cha kitenge alichokifunga Sifaeli, cha kufutia mikono. Kila asubuhi Sadoki alitoka kitandani, akaenda kulifungua, likaguna, akalifunga. Halafu ndipo anakwenda kunawa uso. Ndicho kitu pekee nyumbani mle kilichokuwa bado kinasema vilevile.

Mwezi ukaisha. Wa pili nao ukakaribia kuisha. Brayson akaja kumtazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za mjini?"

"Nzuri." Akafungua friji, akachungulia, akafunga. Alikuwa amemwonea baba yake huruma tangu mlangoni, lakini hakujua aishikie wapi. "Baba, unalipia baridi tupu."

"Nitalipa."

"Si hela. Mwezi huu ukiisha utapandishwa tena. Mama alihangaika kuishusha nyumba hii. Kama hulihitaji nilipeleke Kijenge, wajukuu wako watalitumia."

"Haliwezi kwenda Kijenge. Lina zamu."

"Zamu ya nani?"

"Ya Nusura."

"Basi mbona liko hapa?"

Sadoki alitoka, akasema anakwenda kwa Esther kuazima tupa ya kunolea panga.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka. Alimkuta Esther nyuma ya banda ameinama, anamimina ndoo ya maziwa kwenye sufuria ya mbwa. Mbwa alikuwa amelala pembeni, tumbo juu, hana hata haja ya kuamka. Esther alipomwona akaificha ndoo nyuma ya gauni, kama msichana aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Shikamoo baba Brayson."

"Marahaba. Yamechacha?"

"Hapana, baba." Akasita. "Ni ya sasa hivi. Ila kesho yatakuwa yamechacha. Ndama anaharisha kwa kushiba, watoto loshoro wameikataa. Nikaona bora mbwa."

"Na Nusura?"

"Nusura anagawa. Siku nyingine anamwaga mferejini, anapitisha maji juu ili wewe usione."

Sadoki alisimama pale. Tupa aliisahau. Alirudi nyumbani, njia nzima akitazama maji ya mfereji, meupe au si meupe, hakujua.

"Brayson," akasema alipofika, "miti ya machela iko darini. Iteremshe."

Alipasha maji, akaliosha friji mwenyewe ndani na nje, rafu kwa rafu, akalikausha. Kitenge hakukifungua. Akashika waya ukutani. Mkono ulikaa pale muda. Halafu akavuta, na friji likatetemeka mara moja, likanyamaza.

Esther akaja na mumewe, majirani wawili wakaongezeka. Wakalibeba. Njiani hakuna aliyeuliza ni nani, kila mtu alijua. Walivuka mfereji polepole, Sadoki akiwa upande wa mbele, mgongo ukimuuma, akiupa nafasi umuume.

Nusura alikuwa anatandika mkeka uani. Alipoona machela, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Shemeji! Hatukukudai, wallahi. Ungelikaa nalo. Kile ni chombo chake."

"Liko kwenye zamu yako."

"Zamu inangoja. Moyo wako je?"

Sadoki akaweka chini ncha ya mti, akajifuta jasho. Watu walikuwa wanamtazama, na yeye kuongea mbele za watu hakuwahi kukuweza. Ndipo akawaambia yale aliyojibiwa na mama Brayson siku ile alipomwambia azime friji yaishe, akayasema polepole, asipoteze hata moja:

"Ng'ombe hajui bei ya umeme, baba Brayson. Jioni ikifika anataka kukamuliwa."